Usinunue Jina, Nunua Makali

(Haya ni maneno niliyoyasema Dar es Salaam mbele ya wapishi, wahunzi na wakusanyaji wa visu. Waliokosa kufika wameomba yawekwe yote, nami nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni. Picha zilizokuwa zikipita ukutani hazimo.)

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, mafundi, wapishi wa hotelini na wapishi wa shughuli: asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na ambao hamjaitikia popote, hamjambo?

Nianze kwa kuwauliza. Nani hapa ana kisu nyumbani kinachokata nyanya iliyoiva bila kuiponda? Nyoosheni mikono. Naona mikono michache, tena mingi ni ya mafundi. Haya, nani ana kisu cha zamani, cha babu, cha mnadani au cha mtumba, alichokitundika ukutani au kukifungia kabatini kwa sababu ni kizuri mno kukitumia? Ahaa. Mikono imeongezeka. Basi ninyi ndio niliowafuata leo.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hawakusema mwenye kisu kizuri. Hawakusema mwenye kisu cha Ulaya, wala mwenye visu vingi. Walisema kikali. Mtu akikusanya majambia au panga za vitani, sina neno naye, hizo ni silaha na zamani zake zimepita. Lakini kisu cha jikoni kazi yake haijapita. Vitunguu bado vipo. Nyama bado ipo. Samaki bado wanatoka Feri kila alfajiri. Kisu cha jikoni cha zamani kinunuliwe kikate. Nikitoka hapa mkakumbuka neno hilo tu, nitakuwa nimelipwa.

Tuanze na kutu, maana kutu ndiyo inayowatisha wengi. Mtu anakiona kisu cha zamani, bapa lina madoa ya kijivu, anasema, "Kimeharibika hiki." Anakiacha, anakwenda dukani kununua kinachong'aa. Kwani kinachong'aa kilitoka wapi?

Kilitoka Sheffield, Uingereza. Agosti 1913, mtu mmoja aitwaye Harry Brearley aliyeyusha chuma akakitia kromiamu karibu asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24. Wala hakuwa akitafuta kisu. Alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Huyu Brearley hakuzaliwa katika vitabu. Baba yake alikuwa myeyusha chuma, na yeye mwenyewe alianza kibarua akiwa mtoto wa miaka 12. Akagundua kwamba chuma chake kipya hakiliwi na siki. Mtoto wa mji wa visu, lazima awaze visu. Akakipeleka kwa mafundi wa visu wa mji wake, nao wakakifua kwa moto uleule waliouzoea na kukizima, yaani kukichovya kingali cha moto, kwa namna ileile waliyoizoea. Mnajua walimrudishia nini? Walimrudishia jina la utani. Wakamwita mvumbuzi wa visu visivyokata!

Chuma hakikuwa na kosa, moto ndio haukuwa wake. Meneja mmoja wa kiwanda cha visu, Ernest Stuart, alikijaribu kwa siki, akaamini, na kwa majaribio machache moto unaokifaa ukapatikana. Kuanzia hapo chuma hicho kisichoshika kutu upesi, tunachokiita stenlesi, kikaanza safari ya kuja jikoni kwenu. Kwa hiyo kisu cha jikoni kilichofuliwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ni chuma cha kaboni, na wapishi wa Ufaransa walikishikilia chuma hicho miongo mingi baadaye, wakati stenlesi imeshajaa madukani. Walikishikilia kwa nini? Kwani wao hawakuwa na ndimu? Hawakuwa na vitunguu?

Walikishikilia kwa sababu chuma cha kaboni kinakubali jiwe. Kinapoanza kulegea, unakipitisha kwenye jiwe la kunolea mara chache tu, makali yanarudi. Chembe zake ni ndogo, makali yake yanaweza kuwa membamba sana. Gharama yake ni kwamba kinataka kukaushwa, na kinabadilika rangi. Kikikutana na kitunguu kinakuwa cha kijivu, kikikutana na nyama kinatoa samawati kama shingo ya njiwa. Rangi hiyo haina ubaya, ni ngozi inayokizuia kisile kutu nyekundu. Kutu nyekundu, ile inayotoka kwenye kidole, hiyo ndiyo ya kufuta. Ya kijivu mwachieni bwana kisu.

Ila siwadanganyi. Chuma cha kaboni na ndimu havipatani. Wenye nacho zamani huko Ulaya walilijua hilo, ndiyo maana visu vya mezani vya kulia samaki vilitengenezwa kwa fedha au kupakwa fedha: samaki aliyekamuliwa limau akikatwa kwa chuma kile alikuwa anabeba ladha ya chuma hadi mdomoni. Nyumbani kwangu ndimu, embe bichi na ukwaju vina kisu chao cha stenlesi, na wala sioni haya kusema hivyo mbele ya wakusanyaji. Stenlesi nzuri ya leo inakata vizuri sana. Ninachokataa ni mtu kukidharau kisu kwa sababu ya doa.

Kuna mama mmoja mkoani Tanga, mpishi wa shughuli, anayepika pilau ya harusi kwa masufuria yanayobebwa na vijana wanne. Kisu chake kimelika hadi bapa limebaki jembamba kama kidole cha mtoto. Kipini kimefungwa waya. Mkusanyaji mmoja, mtu wa heshima zake, alikiona, akaitambua chapa, akatoa bei nzuri. Yule mama akamtazama, akamwambia, "Mwanangu, nikikuuzia hiki, gunia la vitunguu nitalikatia meno?" Watu wakacheka. Lakini jamani, mbona tunacheka? Katika orodha za wauzaji kisu kile kingeandikwa kimechakaa. Mimi nasema kisu kile kina cheti. Chuma kibovu hakifiki hapo, hutupwa mapema. Kisu kilichonolewa mpaka kikapungua nusu kina mtu aliyekiona kinastahili kunolewa kila mara kwa maisha yake yote.

Mafundi mtanisahihisha, kuna jambo la kuangalia hapo. Bapa la kisu limejengwa jembamba kwenye makali na nene kwenye mgongo. Kadiri linavyolika, makali yanapanda kuelekea unene. Ndiyo maana kisu kilicholika sana kinaweza kuwa kikali ukikigusa, lakini kikiingia kwenye karoti kinaipasua kabla ya kuikata. Dawa yake ni kupunguza mashavu ya bapa, siyo kuendelea kusugua ukingo peke yake. Yule mama anajua. Anakilaza kisu chake karibu sawa na jiwe. Hakusomea popote, na bado anawashinda wengi wenye vyeti.

Sasa nije kwenye majina. Hapa nitawaudhi baadhi yenu, mnisamehe.

Wangapi mmewahi kusikia jina Sabatier? Naona vichwa vinatikisika. Mtu akiona Sabatier kwenye bapa moyo unamdunda, mkono unakwenda mfukoni. Tulieni kwanza. Jina hilo linatoka Thiers, mji wa visu wa katikati ya Ufaransa, mlimani, kando ya mto Durolle. Mwanzoni mwa karne ya 19 palikuwa na koo mbili za Sabatier pale, wala si ndugu. Sheria za alama za biashara hazikuwa zimekomaa, na visu vilipopata sifa kila mwenye kinu akataka kugonga jina hilo. Likagongwa na wengi. Ndiyo maana mafundi wakaanza kuongeza alama ya pembeni ili watofautishwe: mmoja ana herufi K, mwingine nyota nne na tembo, mwingine simba. Na vipo vyenye jina Sabatier ambavyo havijaiona Thiers hata kwa mbali.

Kwa hiyo ukiniambia, "Nina Sabatier," hujaniambia kitu bado. Nitakuuliza, ya nani? Ya lini? Chuma gani? Wajerumani waliliona tatizo hili kwao. Mji wa Solingen jina lake linalindwa kwa sheria tangu 1938, kwamba kisu kisichotengenezwa hapo kisigongwe jina hilo. Hata hivyo sheria inalinda mahali kilipotengenezwa. Haikuhakikishii kwamba aliyekuwa nacho kabla yako hakukiunguza kwenye mashine.

Nimeona mtumba wa vyombo unavyofunguliwa: vijiko, uma, visu, makopo ya chai, vyote rundo moja sakafuni. Kijana mmoja mkusanyaji akachomoa kisu chenye chapa ya kifaransa inayosomeka vizuri, akalipa bila kupatana, akaondoka anatabasamu. Mzee mmoja muuza nyama akabaki anapekua. Hasomi chapa. Anakishika kisu kwa kipini, anakielekeza kwenye mwanga, anachungulia kutoka nyuma kama anayepima ubao, kuona kama bapa limepinda. Anapitisha ukucha, siyo kidole, kando ya makali kutafuta mapengo. Anakilaza juu ya ubao wa mezani, anatazama kama mwanga unapita kati ya makali na ubao karibu na kipini, maana kisu kilichonolewa vibaya miaka mingi huwa na shimo hapo, na kikikata kitunguu vipande vinabaki vimeshikana mkia. Anagonga bapa kwa kucha na kusikiliza. Akapata kimoja cheusi kisicho na chapa yoyote, akalipa bei ya kijiko.

Nikavitazama vyote viwili. Kile chenye chapa kilikuwa na msitari wa samawati iliyokolea kwenye ukingo wote wa makali. Mnajua maana yake? Kilipelekwa kwenye jiwe la umeme, kikavu, kikapata moto hadi ugumu ukatoka. Kitanoleka, ndiyo, ila makali hayadumu mpaka usage sehemu yote iliyoungua. Cheusi kile kilikuwa kizima. Mzee alikuwa amenunua kisu, kijana alikuwa amenunua maandishi.

Kabla sijasahau, vijitundu vya kutu. Vikiwa mgongoni au katikati ya bapa, visikutie hofu. Vikiwa karibu na makali, acha. Utanoa leo, kesho utakutana na kitundu, ukingo utamong'onyoka. Na kipini kilichopasuka kisikuzuie kununua. Kipini hubadilishwa. Tena sisi ndio wenye mpingo, miti ambayo mafundi wa nje wanaiota.

Nimetaja vipini. Hapa nataka tutulie kidogo.

Visu vizuri vya mezani vya Sheffield katika karne ya 19 vilikuwa na vipini vyeupe. Vyeupe laini, vya kuteleza. Vilikuwa vya nini? Vilikuwa vya pembe za ndovu. Kampuni ya Joseph Rodgers and Sons ya Sheffield ilijulikana kwa ghala lake la pembe, wageni walikuwa wanakwenda kulitazama. Na pembe nyingi za wakati huo zilitoka wapi? Jibuni wenyewe. Zilitoka bara huku, zikapita Ujiji, zikapita Tabora, zikashuka Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, zikavuka Unguja, zikapakiwa melini. Bwana wa Kiingereza akikata mkate wake huenda alikuwa ameshika mkononi ndovu wa Unyamwezi. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba historia ya visu vya Sheffield ni ya Waingereza peke yao. Babu zetu waliibeba, tena kwa miguu.

Vipini vile visituingize majaribuni. Julai 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe hadharani, na mwaka huohuo mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ukamweka ndovu wa Afrika kwenye kiambatisho cha kwanza, biashara ya kimataifa ya pembe ikafungwa. Uingereza yenyewe ilipitisha sheria ya pembe mwaka 2018, ikaanza kutumika 2022. Hapa kwetu kukutwa na nyara za serikali bila kibali ni kesi nzito, na hakimu hatakuuliza kama ni kipini cha kisu cha siagi. Ukikiona kisu cha zamani chenye kipini cheupe, kitazame kitako chake. Pembe halisi huonyesha mistari myembamba inayokatizana, kama wavu. Plastiki ya zamani iliyoigiza pembe huwa na mistari iliyonyooka mno, imelala sambamba. Ukiona wavu, rudisha mezani. Uzuri wake haulipi.

Na waliovisaga visu vile je? Sheffield kazi iligawanywa: mmoja afue, mmoja asage, mmoja atie kipini. Msagaji alikaa juu ya kiti kama cha farasi, ameinamia jiwe linalozunguka. Waliosaga pakavu, hasa wa uma, walivuta vumbi la jiwe na chuma kutwa nzima, na wengi walikufa kwa mapafu kabla ya kufikisha miaka 40. Huko Thiers wasagaji walilala kifudifudi juu ya ubao, pua iko juu ya jiwe, maji ya Durolle yanazungusha gurudumu chini yao. Mabonde yale ni ya baridi kali. Basi kila mtu na mbwa wake, mbwa amelala juu ya miguu ya bwana wake ampashe joto. Picha zake zipo. Mimi nikizitazama huwa namwangalia mbwa kwanza.

Japani nako waligawana kazi, na hadi leo wanagawana. Mji wa Sakai, karibu na Osaka, ulipata jina kwa visu vya kukatia tumbaku. Wareno walileta tumbaku katika karne ya 16, watu wakataka kuikata nyembamba kama nywele, na serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi, ikavipa visu vya Sakai muhuri wake. Baadaye, mwaka 1876, amri ikatoka kwamba watu wasitembee na panga kiunoni, na wafua panga wengi wakajikuta hawana wateja. Wakageukia visu vya jikoni, mikasi na zana za shamba. Fikirini, mtu aliyezoea kufua upanga wa mkubwa wa vita sasa anafua kisu cha figili! Lakini moto ule, jicho lile, subira ile, havikupotea. Vikaingia jikoni.

Mkivipata visu vya Japani, mvijue tabia yake. Ni vigumu sana na vyembamba sana. Vitunguu, samaki asiye na mfupa, mboga: hakuna mfano wake. Mkivipeleka kwenye mfupa wa mbuzi, kwenye samaki aliyeganda barafu, au mkivunjia nazi, vitamong'onyoka ukingo. Isije ikasemwa Mjapani ametudanganya.

Sasa nirudi kwetu, maana nimeona wahunzi mmekaa nyuma kabisa, na sijui nani aliwaambia mkae nyuma. Sogeeni.

Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science habari za Buhaya, mkoa wa Kagera. Walieleza kwamba miaka 1,500 na zaidi iliyopita watu wa pale walikuwa wakiyeyusha chuma chenye kaboni, chuma cha pua chenyewe. Walijuaje? Walichimba mabaki, lakini pia waliwaendea wazee. Kazi ya kuyeyusha ilikuwa imeachwa miongo mingi, vyuma vya bei nafuu kutoka nje vilikuwa vimeiua. Wazee wakajenga tanuri upya kwa kumbukumbu. Wakachoma majani ya kinamasi ndani ya shimo kwanza, yakawa makaa, na makaa yale yakakilisha chuma kaboni. Unauliza, nani aliwafundisha? Waliachiwa na baba zao, na baba zao na baba zao.

Leo mhunzi wetu hayeyushi, anaokota. Anaokota springi ya gari. Tunamcheka kwa hilo? Springi nyingi za gari zina kaboni karibu asilimia 0.6, ni chuma kizuri cha kisu kigumu kisichovunjika ovyo. Tupa kuukuu ina kaboni nyingi zaidi, inatoa kisu chembamba kikali sana ikipata mkono unaoijua. Kasoro ninayoiona kwenye visu vyetu vingi haiko kwenye chuma. Iko kwenye unene. Mhunzi anafua kisu cha kitunguu kama anafua panga la shamba. Halafu tunasema, visu vya kienyeji havikati!

Nilimpelekea mhunzi mmoja kisu cha zamani cha Uingereza, nikamwomba anifulie cha aina ile. Akakigeuza, akakipinda kidogo kwa kidole gumba kikarudi, akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mzee, hiki hakina nyama." Nikamwambia ndiyo, hakina nyama, ndicho ninachokitaka. Akanifulia. Cha kwanza kilitoka kinene, tukakiweka kwenye karoti, karoti ikapasuka kwa mlio. Akakirudisha kwenye jiwe mwenyewe bila kuambiwa, akakipunguza mashavu, tukajaribu tena mpaka karoti ikakubali kukatwa kimyakimya. Sasa ana wateja wa mahoteli, na bei yake imepanda. Ipande!

Ndugu wahunzi, nanyi mnajua haya kuliko mimi, nayasema kwa ajili ya wanunuzi wasikie. Mnunuzi akija kuagiza kisu, amwulize fundi maswali haya asione haya. Unakipasha moto mpaka wapi? Fundi mzuri atakwambia mpaka sumaku iache kukishika, na kidogo zaidi. Unakizima kwa nini? Springi yenye kromiamu ikizimwa kwenye maji inaweza kupasuka, mafuta yaliyopashwa kidogo ni salama. Baada ya hapo umekipasha tena moto mdogo? Hapo ndipo wengi wanaruka. Kisu kilichotoka kuzimwa ni kigumu lakini ni kikavu, kikianguka kinakatika. Kinataka joto la nyuzi 200 hivi za Selsiasi, kwa saa moja au mbili, hata katika oveni ya mkate, ili kitulie. Na tupa ndiyo shahidi: ikipita juu ya makali ikiteleza kama kwenye kioo, kisu kimeshika ugumu. Ikiuma, kirudi motoni.

Muda unanipungua, naona mwenyekiti anatazama saa. Niseme la matunzo haraka, maana wengi mnakaa pwani, na hewa ya pwani ina chumvi.

Ukimaliza kukata, osha na ukaushe palepale. Palepale, siyo baada ya kula. Kisu cha kaboni hakilali ndani ya sinki. Kama hukitumii kwa siku kadhaa, kipake mafuta ya nazi kwa kidole, membamba kabisa. Ala ya ngozi ni nzuri kwa kukibebea, lakini kisilale humo, ngozi inashika unyevu na chumvi. Na tafadhali, msikatie juu ya sahani wala juu ya ubao wa kioo. Ubao wa mti. Mama zetu wanaokatia mkononi, sukuma wiki imekunjwa, kisu kidogo kinakuja kwenye kidole gumba, hao siwafundishi kitu, nanyamaza naangalia.

Wale vijana wa baiskeli wanaopita mitaani na jiwe la kunolea, msiwadharau. Wana kazi yao na wameisaidia miji yetu. Ila ukimpa kisu chako cha zamani, kaa naye. Mwambie akichovye kwenye maji kila mara, asikiache kipate moto. Cheche nyingi zinapendeza watoto, lakini zile cheche ni kisu chako kinaondoka. Jiwe la maji la bei ya kawaida, namba 1000 hivi (namba ni ya ulaini wa chembe zake), nyumbani kwako, ndilo rafiki yako. Huna jiwe? Geuza kikombe cha kauri, ule ukingo wa kitako usiong'arishwa utakunolea hadi ufike dukani.

Na wachinjaji mliopo, ninyi mna hoja nzito kuliko sisi wote. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliagiza mwenye kuchinja anoe kisu chake, amstareheshe mnyama wake. Basi mwenye kisu butu asituambie habari za chapa.

Sasa tumalize kwa vitendo. Mawe yapo kwenye meza ile ya dirishani, yameshalowekwa tangu asubuhi. Karoti zipo, nyanya zipo, gunia la vitunguu lipo, na mapishi ya mchana yanasubiri vitunguu hivyo. Mliokuja na visu vya kabatini vitoeni kwenye magazeti mliyovifungia. Wahunzi watatangulia kuvitazama, kisha kila mtu atakata kwa kisu chake mwenyewe. Aliyekuja na kipini cheupe aanze kwangu, tukitazame kitako kwanza.